Nyumba ya Sinza Iliyokosa Mwanga

Mteja wa kwanza aliyeletwa na dalali kuitazama nyumba ya mama yetu huko Sinza aliingia sebuleni saa tano asubuhi, akapeleka mkono usoni ili avue miwani ya jua, kisha akagundua kwamba alikwisha kuivua tangu getini. Alicheka, nami nikacheka, lakini dalali hakucheka. Alipomaliza kumsindikiza alirudi akaniambia maneno ambayo ilinichukua miezi minne kuyaelewa: "Dada, nyumba yenu ni nzuri, ila ina giza. Mteja akipokelewa na giza, bei anaishusha moyoni kabla hajafika chumbani."

Mama alikuwa amehamia Kibaha kwa mdogo wangu, kwa sababu magoti yake hayakuwezana tena na maisha ya upweke, na sisi watoto watatu tulikubaliana naye kwamba nyumba iuzwe wakati yeye mwenyewe angali na nguvu za kutia saini. Hati ilikuwepo, kodi ya ardhi ilikuwa imelipwa, na mahali penyewe hapahitaji kupigiwa debe, kwa maana Sinza ni miongoni mwa maeneo yaliyopimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja na huduma uliosaidiwa na mkopo wa Benki ya Dunia, hivyo barabara zake zimenyooka na mipaka inajulikana. Kasoro ya mpango ule, kwa mtu anayeuza nyumba leo, ni kwamba viwanja ni vidogo. Ukuta wa jirani uko karibu kiasi cha kusikia redio yake, na pale palipokuwa na banda la uani sasa pamesimama ghorofa.

Niseme mapema kwamba si kila mteja anayekuja Sinza hununua nyumba. Wengi hununua kiwanja, na hata wakipitishwa vyumbani huwa wanahesabu hatua kutoka ukuta hadi uzio wakipiga picha ya fremu za maduka zitakazojengwa hapo. Kwa mteja wa namna hiyo balbu na mapazia ni bure kabisa, na mwenye nyumba anayejua kuwa hao ndio wateja wake aziache fedha zake mfukoni. Sisi tulitaka mtu wa kuishi humo, kwanza kwa sababu tulihitaji bei inayoihesabu na nyumba pia, na pili kwa sababu mama hakutaka kusikia habari za katapila.

Kwa haraka yangu nilianzia mwisho. Niliita fundi rangi, nikaagiza nyumba nzima ipakwe rangi nyeupe yenye kung'aa, kisha nikanunua taa nyeupe kali kuliko zote zilizokuwa katika duka la jirani, nikafunga moja katikati ya kila chumba. Katika korido palikuwa na ukuta mmoja, ule unaopakana na bafu, ambao tangu zamani ulikuwa na doa la unyevu usawa wa goti. Fundi alinitazama, akasema, "Tupige puti hapa, dada, halafu tukandamize na rangi ya mafuta, haitaonekana." Nilijua vizuri maana ya "haitaonekana", na nikakubali.

Jioni moja ya Oktoba wakaja mume na mke waliotoka kazini mjini. Foleni ilikuwa imewachelewesha, na walipofika jua lilikuwa limezama. Nyumba ilikuwa inawaka kama duka la dawa. Walipita sebuleni, wakatazama jiko, na tulipofika katikati ya korido umeme ukakatika. Nikasema kwa sauti ya mtu aliyezoea, "Samahani, wamekata," lakini kupitia dirishani niliona taa za jirani zinawaka, na taa ya barabarani nayo inawaka. Uniti za LUKU zilikuwa zimekwisha. Katika nyumba isiyo na mtu, hakuna anayeipigia mita jicho. Nilitoka nje nikaanza kununua umeme kwa simu, nikasubiri ujumbe, nikaingiza tarakimu 20 gizani, nikakosea, nikaanza upya.

Huku ndani, yule bwana alikuwa amewasha tochi ya simu, na kwa kuwa alikuwa akitafuta njia aliishika karibu kabisa na ukuta. Niliporudi niliikuta korido nisiyoijua. Mwanga uliotambaa ubavuni mwa ukuta ulikuwa umeinua kila kiraka cha puti kama kilima kidogo chenye kivuli chake, na karibu na bafu rangi ilikuwa imetoka malengelenge madogo, kama vipele vya joto shingoni mwa mtoto. Yule mama alilibonyeza moja kwa ukucha. Likapasuka, ukamwagika unga mweupe, akaupeleka puani, akasema kwa upole tu, "Hapa pana maji." Waliaga kwa heshima zote na hawakurudi.

Nimeieleza aibu hiyo kirefu kwa sababu ndani yake nilijifunza jambo ambalo fundi mzuri wa kuta hukufundisha bila kulisema. Taa inayoning'inia katikati ya dari huuangazia ukuta kutoka mbali na kwa upana, ikafuta kasoro ndogo, ilhali mwanga unaopita sambamba na ukuta huchora kila uvimbe na kila bonde. Fundi anayejali kazi hukagua ukuta kwa tochi iliyolazwa hivyo kabla ya kupaka rangi ya mwisho. Basi anayeandaa nyumba afanye vivyo hivyo, usiku, chumba kwa chumba, kabla mteja hajamfanyia. Na ule unga mweupe ni chumvi. Maji yanayopenya ndani ya ukuta huyeyusha chumvi iliyomo kwenye matofali, saruji na mchanga, yanaifikisha juu, na yakikauka huiacha hapo; ikiganda chini ya rangi huisukuma rangi mpaka itoke. Rangi ya mafuta huyafungia maji ndani, yakatafuta njia nyingine, na malengelenge yakaongezeka. Tulipobomoa lipu tulikuta bomba la bafu linavuja kwenye maungio. Lilibadilishwa, ukuta ukaachwa wazi wiki tano ukauke, ndipo tukapiga lipu upya na rangi ya maji, na wateja waliofuata niliwaonyesha mahali hapo kwa kidole mwenyewe na kuwaeleza kilichofanyika. Hakuna hata mmoja aliyepunguza bei kwa sababu hiyo.

Katika wiki zile tano za kusubiri nilipata nafasi ya kuiuliza nyumba swali nililopaswa kuiuliza mwanzo: kwa nini ina giza, katika mji ambao jua halina uchoyo? Nilichukua gazeti, nikakaa katikati ya kila chumba saa nne asubuhi taa zikiwa zimezimwa, nikajaribu kusoma habari za ndani, si vichwa vya habari. Chumba kimoja tu, cha kona, kiliniruhusu. Sebule haikuniruhusu, na jikoni nilihitaji kusogea hadi dirishani.

Sababu hazikuwa moja. Kila mwaka mama alikuwa ameongeza tabaka moja kati ya nyumba na jua, na kila tabaka lilikuwa na hoja yake. Walipopita wezi mtaani ziliwekwa nondo nene. Ulipokuja msimu wa mbu ziliwekwa nyavu. Luva za kioo zilipoanza kupoteza meno ziliondolewa, yakaja madirisha ya alumini yenye vioo vya rangi ya kahawia, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa fasheni na iliwazuia wapita njia kuchungulia. Juu ya vioo hivyo akaweka pazia jepesi, na juu ya jepesi akaweka zito la zambarau. Nje, baraza lilirefushwa bati mpaka karibu na geti ili mvua isifike mlangoni, na mwembe alioupanda mwaka niliozaliwa ukalalia bati hilo. Ukivihesabu, jua lilikuwa na vizuizi saba kabla halijakifikia kiti cha baba.

Tena jua la Dar es Salaam lina tabia yake, na ushauri wa kutoka nchi za baridi hautusaidii sana. Mji wetu uko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo jua la saa sita mchana linakuwa karibu utosini mwaka mzima. Kuanzia karibu tarehe 10 Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi linaegemea kusini, na miezi mingine linaegemea kaskazini, likishuka zaidi mwezi Juni. Jua la utosini haliingii dirishani moja kwa moja; huanguka chini uani, likaruka kutoka kwenye ardhi na kuta za nje, ndipo likaingia ndani na kupanda darini. Maana yake ni kwamba, kwa saa nyingi za mchana, kinachoangaza chumba ni rangi ya kile kilichoko nje ya dirisha.

Jambo hilo ndilo lililolikomboa jiko letu. Dirisha lake linatazama uzio wa tofali ulio umbali wa hatua mbili, na uzio huo ulikuwa na rangi ya kijivu iliyoota kuvu kutokana na mvua za masika nyingi. Tuliusugua kwa brashi ya waya, tukaupaka nyeupe, na kwenye kile kichochoro tukaondoa ndoo, vipande vya bati na tangi bovu, kisha tukamwaga kokoto nyeupe. Gharama yake haikufikia hata ya kubadilisha kitasa cha mlango wa mbele kwa kile nilichokuwa nimekitamani dukani. Kesho yake saa sita mchana niliingia jikoni nikapeleka mkono kwenye swichi ili nizime taa, nikakuta imezimwa.

Nyavu zilikuwa somo la peke yake. Mtu anayeishi ndani ya nyumba haoni wavu, huona kilicho nyuma yake. Nilipoutoa wa dirisha la sebule na kuulaza sakafuni uani, niliona kwamba matundu yake yalikuwa yamezibwa na vumbi lililochanganyika na mafuta ya moshi wa mkaa, yakawa kama kitambaa cha kijivu. Nilimwagia maji ya sabuni, nikapitisha brashi mara moja, na maji yaliyotoka upande wa pili yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Nilipitisha mara ya pili, ya tatu, ya nne, na chai ikaendelea kutoka. Hatimaye tulikata tamaa kwa madirisha mawili na kuweka nyavu mpya, mengine yalioshwa. Anayetaka kufanya jambo moja tu kabla ya kuuza nyumba yake katika mji huu wa vumbi na upepo wa bahari, na aanze na nyavu, kisha afute vioo vyote pande zote mbili. Chumvi ya bahari huacha ukungu juu ya kioo hata kwa nyumba ambazo hazisikii mawimbi.

Vioo vya kahawia vya sebuleni tulivibadilisha kwa vya kawaida, fremu zikibaki zilezile, kwa sababu sebule ndiyo inayohukumiwa kwanza. Vya vyumbani tuliviacha, kwa maana chumba cha kulala chenye mwanga wa wastani hakimuudhi mtu. Mapazia mazito yalishushwa yote. Fimbo za mapazia mepesi zilikuwa zimekatwa sawasawa na upana wa dirisha, hivyo hata ukiyafungua yalibaki yamefunika robo ya kioo kila upande. Fundi alizifunga fimbo ndefu zinazopita dirisha kwa shubiri moja kulia na kushoto, na pazia likifunguliwa sasa hujikusanya ukutani. Kuhusu mwembe, mnunuzi mmoja alisema tuukate. Sikuukata, nami nisingemshauri mtu akate mti wenye kivuli katika mji wenye joto la Februari kama letu. Tulipunguza matawi yaliyolalia bati, na sehemu ya bati la baraza tukaweka karatasi tatu za plastiki inayopitisha mwanga, na hilo likatosha.

Rangi nyeupe yenye kung'aa niliyokuwa nimeipaka kwa pupa ilibidi nayo ifunikwe. Inang'aa vibaya taa zikiwaka, huonyesha kila alama ya roli, na machoni huleta hisia ya zahanati. Tulirudia kwa nyeupe iliyofifia inayoelekea maziwa, isiyong'aa, na dari tukaiacha nyeupe kabisa, kwa kuwa dari ndiyo inayoupokea mwanga ule unaoruka kutoka uani na kuugawa chumbani.

Ila kabla ya kupaka rangi hiyo ya pili tulianza na vitu. Sebule ilikuwa na makochi ya watu kumi, shokesi iliyofika darini, meza mbili za kioo, na vitambaa vya kufuma juu ya kila kilichoweza kufunikwa. Tulipeleka nusu Kibaha. Shokesi lilikuwa limesimama ubavuni mwa dirisha na kumeza mwanga wote wa upande ule. Lilipoondoka, ukuta uliofichwa miaka ishirini ulikuwa na rangi tofauti, nasi tukashukuru kwamba tulikuwa bado hatujairudia rangi. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba picha zote za familia ziondolewe ili mnunuzi ajione yeye katika nyumba hiyo. Nilipomwambia mama kwa simu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, baba yako mnamficha kwani ana deni la watu?" Picha ya baba ilibaki, na nadhani mama alikuwa sahihi kuliko niliyoyasoma. Mnunuzi wa hapa kwetu akiikuta nyumba imefutwa kila alama ya wenyewe huanza kujiuliza wamekimbia nini. Tulizipunguza picha kutoka kumi na saba hadi tatu, na hizo zikapangwa vizuri.

Sasa niingie kwenye taa zenyewe, ambazo watu wengi hudhani ndizo kila kitu. Kwa nyumba ya Dar es Salaam zina uzito wa pekee, kwa sababu mnunuzi anayefanya kazi huja jioni, na jioni yetu ni fupi. Jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo hivi, kutegemea mwezi, na giza linaingia ndani ya nusu saa. Mteja anaweza kuliona geti lako kwa mwanga wa jua na chumba chako cha mwisho kwa mwanga wa taa, katika ziara ileile moja.

Nilikwenda Kariakoo na mdogo wangu. Muuzaji kijana, mchangamfu, alitusukumia boksi la taa nyeupe: "Chukua hii, dada, hii ndiyo inayowaka. Hiyo ya njano watu watadhani umewasha kibatari." Hilo ni kosa ambalo wengi tunalo, la kuchanganya rangi ya mwanga na wingi wake. Wingi husomwa kwa lumeni, na rangi husomwa kwa kelvini, vyote vimeandikwa kwenye boksi. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni 800 hivi. LED ya wati 9 hutoa kiasi hicho hicho bila kukichemsha chumba. Iliyoandikwa 6500K hutoa weupe unaokaribia ubuluu, 3000K hutoa unjano wa utulivu, na 4000K iko katikati. Mbili kati ya hizo zenye lumeni sawa zinawaka sawasawa, ila moja inakufanya uonekane hujalala.

Kuna namba ya tatu ambayo wauzaji hawaitaji, nayo ni ya uaminifu wa rangi, inayoandikwa Ra au CRI, na kikomo chake ni 100. Taa za bei ya chini kabisa mara nyingi huwa 80 au chini yake, au hazisemi chochote. Sikuiamini mpaka nilipoijaribu. Milango yetu ni ya mninga, baba aliinunua ubao kwa ubao, na katika mji huu mlango wa mninga ni kitu ambacho mnunuzi hukigonga kwa vidole akitabasamu. Chini ya taa zile kali nilizofunga mwanzo, milango hiyo ilikuwa na rangi ya tope lililokauka. Nilichomoa balbu, nikaweka ya 3000K yenye CRI ya 90, nikarudi nyuma hatua mbili, na wekundu wa mninga ukarudi, pamoja na mistari yake myeusi myembamba ambayo nilikuwa nimesahau kwamba ipo. Mdogo wangu, ambaye si mtu wa maneno, alisema, "Kumbe." Miezi minne mizima tulikuwa tukiwaonyesha watu milango ya tope.

Tuliweka 3000K sebuleni, vyumbani, koridoni na barazani, na 4000K jikoni na bafuni, ambako mtu anataka kuona usafi. Hesabu ya wingi ilikuwa rahisi: sebule ya mita 4 kwa 5 ni mita za mraba 20, na ukitaka luksi 150, yaani lumeni 150 kwa kila mita ya mraba, unahitaji lumeni 3,000 zifike kweli, hivyo nunua za 4,000 au zaidi kwa sababu nyingine hupotelea kwenye kuta na vifuniko. Lakini zisitoke mahali pamoja. Taa moja ya nguvu katikati ya dari huacha pembe nne zina giza, na chumba kinaonekana kidogo kwa sababu jicho huishia pale mwanga unapoishia. Tuligawa: mbili darini, moja ya kusimama kwenye kona ya mbali, moja ya mezani karibu na mlango wa korido. Kona ya mbali ikiwaka, sebule inarefuka. Katika jiko tuliweka taa chini ya makabati ili mwanga ushuke juu ya sinki na si mgongoni mwa anayepika, na bafuni tuliitoa taa iliyokuwa nyuma ya mtu anayejitazama kwenye kioo tukaiweka juu ya kioo.

Jihadhari na pangaboi. Chumba kimoja kilikuwa na taa iliyofungwa darini juu ya mapanga yake, na feni ikizunguka mwanga ulikatwakatwa ukutani mpaka kichwa kinauma. Mteja hatajua kimemuudhi nini, atasema tu chumba kile hakukipenda. Taa ziwe nje ya duara la mapanga au chini yake. Angalia pia holda, kwa maana nyumba za zamani kama yetu zina za kupachika, na taa nyingi za urembo ni za kuzungusha. Fundi umeme alizibadilisha zote nusu siku. Zile tyubu ndefu za zamani zenye stata, zinazopepesa mara tano kabla ya kuwaka umeme ukiwa mdogo, ondoa bila huruma. Nje, mwanga wa njano una faida nyingine: wadudu huvutwa zaidi na mwanga mweupe wenye ubuluu, na katika msimu wa vuli hutaki mteja wako apokelewe barazani na kumbikumbi.

Picha za kumtumia dalali tulizipiga wenyewe kwa simu, kila chumba kwa saa yake: vyumba vya mashariki asubuhi, vya magharibi saa kumi jioni, taa zikiwa zimezimwa, kwa sababu simu ikikutana na mwanga wa jua na wa taa kwa pamoja huchanganyikiwa na kuzipaka kuta rangi mbili. Ufute kioo cha kamera kwanza kwa ncha ya kanga. Picha nyingi za nyumba zinazosambazwa na madalali zina ukungu wa alama za vidole, si ukungu wa nyumba.

Tangu hapo, kila siku ya mteja niliwahi saa moja kabla. Nilisoma mita kwanza, na sikukubali ionyeshe chini ya uniti 30. Nilifungua madirisha yote ili joto la mchana litoke, nikawasha pangaboi za vyumbani polepole, nikawasha taa zote kabla mgeni hajagonga, kwa sababu kuwasha taa moja moja mbele yake ni kumtangazia kwamba chumba kilikuwa na giza. Koridoni na jikoni niliweka balbu za kuchaji, zile zinazobaki zinawaka umeme ukikatika. Udi nilifukiza mara moja tu, nikaacha, maana dalali aliniambia kwamba wateja wakikutana na udi mwingi hujiuliza unafunika nini.

Walionunua walikuja Januari, mume na mke na mama mkwe, saa 12 jioni. Mama mkwe alipita koridoni taratibu akigusa ukuta, nami nikamwonyesha mahali bomba lilipovuja. Yule mke alikwenda jikoni peke yake. Nilipomfuata nilimkuta ameweka mkoba juu ya meza ya zege, amefungua bomba la maji akiliangalia linavyotiririka chini ya ile taa ya kabatini, kama mtu aliyefika kwake na anataka kuosha mikono. Aliuliza swali moja tu: "Dada, hizi taa mnaondoka nazo?" Nilimjibu kwamba zinabaki. Siku ya kutia saini mumewe alimwomba wakili asiache hilo kwa maneno ya mdomo, na wakili akaliandika katika mkataba wa mauziano, kifungu cha mwisho kabla ya saini ya mama: taa 19, pangaboi 4, na fimbo za mapazia.